Mashujaa Niliowachoma Moto

Mwaka 1972, nikiwa mwalimu kijana wa miaka 23, nilichoma moto magazeti kumi na moja na daftari moja nyuma ya jiko la shule, si mbali na Makambako. Magazeti yalikuwa ya mwanafunzi wa darasa la sita. Daftari nalo lilikuwa lake. Nimekaa na jambo hili zaidi ya nusu karne na sijapata kulieleza mbele ya watu. Sisi walimu wastaafu tukikutana husimuliana habari za madarasa tuliyojenga, madawati tuliyohangaikia, na watoto waliotoka mikononi mwetu wakawa madaktari. Habari za tulivyovichoma hazisimuliwi. Basi leo nitazisimulia, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa historia nitaanzia mbali kidogo, ili msomaji aelewe ni akina nani hasa niliowatia katika moto ule.

Makambako ya wakati ule haikuwa mji. Ilikuwa njia panda yenye upepo. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia ilipita hapo, na hapo hapo ilichepuka njia ya vumbi iendayo Njombe na Songea. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa hila, Zambia ilifungiwa mlango wa kusini, ikabidi mafuta na bidhaa zake zipite kwetu. Malori yakaanza kushuka na kupanda usiku na mchana katika barabara iliyokuwa matope masika na vumbi kiangazi. Mengi yalianguka, na madereva wengi walizikwa mbali na kwao. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968 mzigo ulipungua, lakini malori hayakwisha. Kisha wakaja Wachina na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970, na kipande kigumu kuliko vyote, chenye mahandaki na madaraja mengi, kilikuwa kile cha kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako. Kwa hiyo kijiji chetu, ambacho wazee wetu walikijua kwa ng'ombe na baridi, kilijikuta kikipitiwa na dunia nzima.

Dunia hiyo ilidondosha vitu. Utingo wa lori akishuka kunywa ulanzi aliweza kulipa kwa betri ya tochi, kwa kopo la maziwa, au kwa gazeti la picha alilokwisha kulisoma. Hivyo ndivyo Lance Spearman alivyofika Makambako.

Wazee wenzangu hawahitaji kuambiwa Lance Spearman alikuwa nani. Kwa vijana nitaeleza. Palikuwa na gazeti la Kiingereza lililoitwa African Film, lililoenea Afrika ya Mashariki na ya Magharibi mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa miaka ya 70. Lilikuwa gazeti la hadithi moja ndefu, iliyosimuliwa kwa picha za kupigwa, na maneno ya wahusika yakiandikwa juu ya picha kama katika katuni. Shujaa wake alikuwa mpelelezi mweusi, Lance Spearman, ambaye kila mtu alimwita Spear. Alivaa kofia ya pama na tai ya kipepeo, alivuta sigara nene, aliendesha gari aina ya Corvette Stingray, na ngumi zake zilikuwa hazikosi. Alikuwa na msaidizi wa kike, Sonia, na kijana mmoja mjanja aitwaye Lemmy, na rafiki yake polisi, Kapteni Victor. Adui zake walikuwa watu wa ajabu ajabu, kama Rabon Zollo, wenye mitambo ya kuangamiza miji. Aliyepigwa picha hizo kama Spear aliitwa Jore Mkwanazi. Watoto wetu hawakujua jina hilo. Kwao alikuwa Spear, na Spear alikuwa hai mahali fulani, labda Nairobi, labda Lagos.

Nitakiri jambo la kwanza. Nami nilikuwa na mashujaa wangu. Nilipokuwa mwanafunzi Njombe katika miaka ya mwanzo ya uhuru, kitabu kilichopendwa kuliko vyote katika kabati ya shule kilikuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kitabu hicho kiliandikwa na Mwingereza H. Rider Haggard mwaka 1885, naye Frederick Johnson akakifasiri kwa Kiswahili kikachapishwa mwaka 1929. Johnson huyo ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Tulikisoma kitabu kile tukiwa tumejifunika blanketi, maana baridi ya Njombe mwezi Juni haina mchezo, na nje ya dirisha miti ya miwati ikivuma. Tuliingia pangoni na Allan Quatermain. Tulimwogopa Gagula. Wala hatukujiuliza kwa nini katika nchi ya watu weusi mwenye kusimulia ni Mzungu, na kwa nini almasi zinaondoka naye.

Mwaka huo huo wa 1929, mwezi Januari, kule Marekani Tarzan alianza kuchorwa magazetini. Tarzan alizaliwa mwaka 1912 katika gazeti la hadithi la bei ndogo, mojawapo ya yale yaliyochapwa kwa karatasi duni, yakasomwa ndani ya gari moshi na kutupwa. Mwandishi wake, Edgar Rice Burroughs, hakupata kukanyaga Afrika hata siku moja. Alimweka mtoto wa lodi wa Kiingereza mikononi mwa masokwe, akamfanya bwana wa pori zima pamoja na watu wake. Mchoraji Hal Foster alipompa sura na misuli, Tarzan alivuka mipaka ambayo maneno yasingevuka, kwa kuwa picha haihitaji kufasiriwa. Hili ni jambo la kukumbuka katika historia ya mashujaa hawa. Hadithi husafiri kwa lugha na hukwama penye mpaka wa lugha. Picha hupita forodhani bila kuulizwa.

Kampuni iliyomtoa Spear ililijua hilo. Ilitoa pia gazeti jingine, Boom, lenye shujaa aitwaye Fearless Fang. Huyo alikuwa kijana mweusi wa porini, mwenye vazi la ngozi, rafiki wa wanyama, adui wa majangili. Kwa ufupi, alikuwa Tarzan aliyerudishiwa rangi ya watu wa pori analokaa. Spear naye ukimtazama vizuri alikuwa James Bond. Waliochukua mashujaa hao walibadili sura tu, wakaacha viungo vingine vyote mahali pake. Lakini msiseme sura ni kitu kidogo. Mtoto wa Makambako aliyezaliwa chini ya bendera ya Mwingereza, ambaye katika kila picha alimwona mtu mweusi akibeba mzigo nyuma ya msafara, leo anamwona mtu mweusi amevaa suti anaendesha gari lake mwenyewe, na wenye kukimbia ni wengine. Hilo halikuwa dogo hata kidogo.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wangu. Baba yake alikuwa kibarua wa barabara, mama yake aliuza viazi na ulanzi kando ya njia, na kwa hiyo mtoto alikuwa wa kwanza kupata kila kilichodondoshwa na malori. Baada ya masomo alikaa chini ya mti, wenzake wakamzunguka, naye akawa "anasoma". Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la sita, yaani hakikuwepo. Aliangalia picha akatunga maneno mwenyewe, Kiswahili kikimshinda akamalizia kwa Kibena. Nilimsikia siku moja Rabon Zollo akitukana kwa Kibena safi, tusi ambalo bibi yangu alikuwa akilitumia kwa mbuzi. Nilipaswa kucheka. Sikucheka.

Lazima msomaji anielewe nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi tu. Azimio la Arusha lilitolewa Februari 1967 na Elimu ya Kujitegemea ikafuata Machi mwaka huo, nasi chuoni tulivisoma hivyo kama wengine wasomavyo Maandiko. Januari 1969 ilianza Operesheni Vijana ya kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na jioni nilifundisha wazee kusoma kwa mwanga wa karabai. Kazi ilikuwa kubwa mno. Wakati wa uhesabuji wa watu wa 1967, watu wazima wapatao asilimia 67 hawakujua kusoma na kuandika, na ni sifa ya kizazi chetu kwamba kufikia 1977 serikali ilitangaza idadi hiyo imeshuka hadi asilimia 27. Kijana wa namna yangu alipomwona mtoto akisoma habari za mvaa pama, mvuta sigara na mpenda starehe, alimwona adui amekwisha ingia ndani ya boma. Tuliiita kasumba.

Asubuhi moja nikiwa mwalimu wa zamu nilimpekua begi mbele ya wenzake, nikatoa magazeti kumi na moja na daftari. Nikamwambia, "Kuanzia sasa mali hii imetaifishwa." Watoto walicheka, maana neno hilo lilikuwa likisikika kila siku katika redio. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Mwalimu, daftari naliomba." Nikalifungua daftari lenyewe. Lilikuwa la hesabu, la serikali, na kurasa zake zilikuwa zimejaa michoro ya kalamu ya risasi kuanzia nyuma kuja mbele. Nilifunua kurasa mbili tatu. Nikaona mtu mwenye kofia ya pama ameshika mkuki, na juu yake herufi kubwa: MKWAWA. Nikampa viboko vinne kwa kuharibu mali ya umma.

Hapa ndipo penye kukiri kwa pili, ambako ni kuzito zaidi. Usiku ule sikuyachoma magazeti. Niliwasha koroboi nikayasoma. Niliyasoma yote kumi na moja, mpaka mafuta yakakaribia kwisha na jogoo wa jirani akawika. Nilimfuata Spear akining'inia kwenye ndege, akizama, akifungwa kamba, akifunguka. Watoto walikuwa na msemo wao kuwa steringi hafi, na kweli hakufa. Asubuhi, macho yakiniwasha, niliyabeba nikayachoma, nikachoma na daftari pamoja nayo. Daftari sikulisoma. Kwangu halikuwa kitu cha kusomwa.

Mtoto yule alimaliza darasa la saba mwaka uliofuata. Hakuchaguliwa kuendelea, kama wengi wa wenzake wasivyochaguliwa, maana nafasi za sekondari zilikuwa chache kuliko vidole. Nami nikahamishwa. Nilipanda, nikawa mwalimu mkuu, nikaongoza shule mbili, na mwisho nikamalizia kazi katika chuo cha ualimu nikifundisha wanaokwenda kufundisha.

Ilikuwa huko chuoni, mwanzoni mwa miaka ya 80, nilipokutana na shujaa mwingine. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo alirudi kwao akaacha sanduku la vitabu. Katikati ya vitabu vya saikolojia na kemia palikuwa na majarida manne ya katuni ya Conan. Nikayachukua kwa siri, kama mwizi, nikayasoma nyumbani. Conan aliandikwa na Robert E. Howard, kijana wa mji mdogo wa Texas, na hadithi ya kwanza ilitoka Desemba 1932 katika gazeti la Weird Tales. Howard alikufa mwaka 1936, akiwa na miaka 30 tu, wala hakujua kwamba shujaa wake angeishi. Mwaka 1970 kampuni ya Marvel ilimtoa Conan katika katuni, Roy Thomas akiandika na Barry Smith akichora, na gazeti hilo lilidumu hadi 1993. Kilichokuwa kimesahaulika katika karatasi duni kikafufuliwa kwa wino wa rangi.

Nilipoitazama ramani ya dunia ya Conan nilishtuka. Kusini mwake kuna nchi iitwayo Kush, na nyingine iitwayo Zembabwei. Kush ni ufalme wa kweli wa watu weusi wa mto Nile, uliopata kuitawala hata Misri. Zembabwei haihitaji maelezo. Howard alikuwa ameokota majina yetu na kuyatia katika nchi ya majoka na wachawi, kama Haggard kabla yake alivyookota magofu na masimulizi ya kusini akayageuza hazina ya Mfalme Sulemani. Nikaelewa jambo ambalo chuoni sikufundishwa. Mashujaa hawa wote ni wa kuokoteza. Huyu kachukua kwa yule, yule kachukua kwa historia, mchoraji kachukua kwa mwandishi. Hakuna mwenye hatimiliki ya ushujaa. Kinachotofautisha ni nani anaokota, na akishaokota anampa nani nafasi ya mbele katika picha.

Basi tumwulize swali hilo Spear mwenyewe. Nilikuja kusoma baadaye sana, nywele zikiwa zimekwisha geuka, kwamba African Film ilikuwa mali ya Drum, kampuni ya Jim Bailey, mtoto wa tajiri mkubwa wa migodi ya Afrika Kusini, na kwamba picha za Spear zilitengenezwa huko huko kusini. Fikiria jambo hili, msomaji. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Wapiganaji wa ANC walikuwa na kambi Kongwa tangu 1964. Tulikataa kununua hata tunda la makaburu. Na wakati huo huo watoto wetu walikuwa wakimwabudu mtu mweusi aliye huru, anayeingia hoteli yoyote na kuendesha gari lolote, ambaye picha zake zilitoka katika nchi ambayo mtu mweusi hakuweza kutembea mtaani bila pasi mfukoni. Mkwanazi mwenyewe, akishavua ile pama, aliishi chini ya sheria hizo.

Je, habari hii ingenipa haki ya kuchoma? Nimelifikiria swali hili mara nyingi. Mwenzangu mmoja wa zamani, marehemu sasa, aliniambia, "Unaona! Ulikuwa sahihi bila kujua." Sikukubali. Kwanza, mtu aliyetenda bila kujua sababu hawezi kuja kuazima sababu miaka thelathini baadaye. Pili, hata kama mwenye kiwanda alikuwa na nia yake, mtoto aliyesoma alikuwa na yake. Alikitoa kile kichwa chenye pama shingoni kwa Spear, akakiweka juu ya Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, akajiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa, na ambaye fuvu lake lilirudishwa nchini mwaka 1954. Tena alikuwa mtoto wa Kibena, na babu zetu Wabena walikuwa na lao la kusema juu ya mikuki ya Wahehe. Kujitegemea nilikokuwa nikikuhubiri ubaoni kulikuwa ndani ya begi la mtoto, nami nikakutia moto.

Sisemi kwamba daftari lile lingekuwa kitabu kikubwa. Lakini tazameni yaliyokuwa yakitendeka wakati ule ule mahali pengine, mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewachomea. Faraji Katalambula, aliyekwisha tuandikia Simu ya Kifo mwaka 1965, aliuchukua mtindo wa hadithi za picha akautolea gazeti la Kiswahili, Film Tanzania, lenye watu wetu na mitaa yetu. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika Uhuru, taifa zima likacheka. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mpelelezi wa Kitanzania aliyepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Baadaye likaja gazeti la Sani, lililopata jina kwa Saidi Bawji na Nico ya Mbajo, na wanafunzi wangu wa ualimu walilificha chini ya magodoro kama watoto. Katika miaka ya 90 nyumba ya Sasa Sema ya Nairobi ilitoa vitabu vya katuni kwa Kiswahili. Kimojawapo ni Abunuwasi, kilichochorwa na Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam. Kingine ni cha shujaa Liyongo, yule wa pwani ambaye hakuna silaha iliyompata ila sindano ya shaba kitovuni. Liyongo alikuwa akiimbwa karne nyingi kabla Conan hajafikiriwa. Naye akaingia katika vijisanduku vya katuni, na heshima yake haikupungua.

Nilipopata madaraka chuoni nilifanya malipo madogo. Niliagiza katuni ziruhusiwe katika maktaba, na wanafunzi wa ualimu wakienda kwenye mazoezi ya kufundisha niliwaambia, "Ukimnyang'anya mtoto kitu, kisome kwanza. Chote." Waliandika maneno hayo katika madaftari yao wakidhani ni nadharia ya elimu. Sikuwaambia yalikotoka.

Mwaka 2012 Njombe ilitengwa na Iringa ikawa mkoa wake. Mabango mengi ya ofisi yalipaswa kuandikwa upya, na mafundi wa rangi walipata kazi. Mwaka uliofuata nilikuwa Makambako nikingoja basi la Njombe, nikamwona mzee mmoja amepanda kiti akifuta neno Iringa kwenye kibao. Aligeuka akaniangalia kwa muda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Akataja jina. Nilishika nguzo ya kibanda. Aliteremka, akafuta mikono, tukaingia kunywa chai. Alinieleza maisha yake: alipaka rangi mabehewa, akachora mabasi, akachora vichwa kwenye vibanda vya vinyozi kutoka Mafinga hadi Songea. Watoto watano, wajukuu kadhaa. Hakugusia shule. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia, nikasema kwamba nayakumbuka yale magazeti, na kwamba nilikosea.

Alikoroga chai yake. "Magazeti yalikuwa ya watu, Mwalimu. Yalikuja, mengine yakaja." Kisha akauliza, kwa adabu ile ile ya mtoto aliyesimama mstarini, "Lile daftari ulilisoma kabla ya kulichoma?"

Nikasema hapana.

"Basi hakuna aliyelisoma mpaka mwisho," akasema. "Wenzangu nilikuwa nimewafikisha kwenye boma la Kalenga tu."

Nilimwuliza mwisho wake ulikuwaje. Alifikiri sana, akacheka kidogo. Alisema hakumbuki. Anachokumbuka ni ile kofia, na kwamba aliichora mara nyingi mpaka ikamkubali. Mkwawa alikufa au hakufa? Hakumbuki. Pengine hakufa, akasema, kwa kuwa wakati ule alikuwa hapendi steringi afe, lakini kitabu cha historia kilisema amekufa, na mwalimu wa historia nilikuwa mimi.

Kabla ya basi kufika nilikwenda duka la vifaa vya shule nikanunua daftari kubwa la kurasa mia mbili na kalamu za risasi, nikampa. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Miezi michache baadaye nilipita tena nikalikuta mezani kwake, limefunguliwa. Nilitazama haraka kama mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa. Lilikuwa limejaa majina ya wateja na madeni yao: kinyozi elfu nane, mama wa chakula elfu tano, basi fulani elfu arobaini hajalipa.

Aliniona nikitazama. "Daftari zuri sana, Mwalimu," akasema. "Karatasi yake ngumu."

Nikamwambia alitumie apendavyo, ni lake. Safari hii nilisimama nikalisoma, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mahali alipokuwa amefikia.